Begi la kamera linaniumiza bega, naomba ushauri (niko Lamu)

BintiLangoni

Assalaam alaikum wapendwa. Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Lamu, upande wa wanawake. Kazi ipo, alhamdulillahi, maana kwenye hina na kupamba mwanamume haingii, na sisi wanawake tunaoshika kamera si wengi. Kinachonisumbua ni begi.

Mzigo wangu ni kamera mbili za Canon 6D, lenzi ya 24-105, ile ndefu ya kuvuta mbali ya 70-200 f/2.8, ile ndogo ya 50, fleshi mbili, taa ya kushika mkononi, betri, chaja na chupa ya maji. Niliupima kwenye mizani ya duka la nafaka, ukatoka kilo 7 na kitu pamoja na begi. Begi lenyewe ni la bega moja, la mraba. Mkanda hauketi juu ya buibui, kitambaa kinateleza, kila hatua kumi naupandisha. Nikiuvalisha shingoni unanikata kifuani. Wiki hii nimefanya shughuli mbili mfululizo, na sasa bega la kushoto lina alama nyekundu ya upana wa vidole viwili. Usiku mkono unakufa ganzi mpaka kidole cha mwisho.

Njia zetu mnazijua. Kutoka Langoni kwenda Mkomani kuna vichochoro ambavyo punda akija na magunia yake sharti ujibandike ukutani, na begi linalotokeza ubavuni ndilo linaloparuzwa. Ngazi za nyumba za kale ni nyembamba na zimesimama wima, na shughuli nyingi ziko juu. Harusi ikiwa Shela au Matondoni ni boti, na boti ni maji ya chumvi.

Jambo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi kuliko bega. Wanawake wakishavua mabuibui, zile picha ni amana. Kadi moja ikidondoka kichochoroni ikaokotwa, nimewavunjia watu stara. Nataka begi lenye mahali pa kadi pasipofunguka penyewe.

Nina shilingi 12,000. Naweza kuagiza Mombasa, basi likaleta mpaka Mokowe, upande wa bara. Nichukue begi gani?

Mvita_Picha

Wa alaikum salaam dada. Chukua la mgongoni tu, lenye mshipi wa kiunoni. Bega moja kwa kilo 7 ni kujiumiza.

TibaYaViungo

Dada, nafanya kazi ya viungo hapa Mombasa. Kabla ya begi, hiyo ganzi ya kidole cha mwisho usiichukulie kama uchovu. Kuna mshipa wa fahamu unaopita kati ya shingo na bega kuelekea upande huo wa mkono, na mkanda mwembamba wenye uzito unaweza kuubana. Pumzisha bega hilo, na ganzi ikiendelea nenda ukaonwe na daktari.

Sasa begi. Watu wengi hununua begi la mgongoni lenye mshipi halafu mshipi ukaning'inia bila kufungwa. Mshipi ndio unaofanya kazi. Ukifungwa juu ya mifupa ya nyonga, sehemu kubwa ya uzito inakaa kwenye nyonga na mabega yanabaki kulishikilia begi lisiyumbe. Ukifungwa tumboni haubebi kitu, unakubana pumzi tu.

Siku ya kulijaribu, usilijaribu tupu. Tia mzigo wako wote, legeza kamba zote, funga mshipi wa nyonga kwanza, kisha vuta kamba za mabega, mwisho ule mkanda mdogo wa kifuani. Tembea nalo robo saa, panda ngazi. Lenzi nzito ikae karibu na mgongo, usawa wa katikati ya begi, isikae mfuko wa mbele. Ikikaa mbele inakuvuta nyuma, nawe utajikunja kufidia.

Na upime urefu wa mgongo wako. Ule mfupa unaotokeza chini ya shingo ukiinama, mpaka usawa wa juu wa nyonga. Watu wa kimo kimoja migongo yao hutofautiana urefu, na begi likiwa refu kuliko mgongo mshipi unaanguka chini ya nyonga, haufai tena.

PichaMalindi

Nakubaliana na wa juu yangu, nina neno moja la kuongeza kutoka mchangani. Tafuta begi linalofunguka upande wa mgongo, ule unaogusana na mwili wako. Sababu ni hii: ukiliweka chini, upande wa nje ndio unaoshika mchanga na tope. Kama mlango wa begi ni huohuo wa nje, ukilivaa tena uchafu wote unauhamishia mgongoni, au unaingia ndani ukifungua. La kufunguka mgongoni unalilaza na uso wake chini, unafungua upande msafi. Na ukiwa kwenye msongamano hakuna mtu anayeweza kukufungulia kwa nyuma. Kwa suala lako la kadi, hilo si dogo.

Mimi napiga pwani hapa Malindi, na Gede mara kwa mara, na nilipoteza lenzi moja kwa mchanga kabla ya kujua hili. Punje chache tu ziliingia kwenye pete ya kuzungushia.

BintiLangoni

Ahsanteni sana. @TibaYaViungo nimekuelewa, kesho naenda hospitali inshallah. Swali: nikiwa ndani ya shughuli, begi la mgongoni nalivuaje kila nikibadilisha lenzi? Bi harusi akiingia napata sekunde chache tu.

NuruYaOldTown

Shoga yangu, usiingie nalo! Mimi nafanya kazi kama yako huku Mombasa, mwaka wa tisa huu. Begi la kusafiria na begi la kufanyia kazi ni vitu viwili. La mgongoni linakufikisha. Ukifika, mwombe mwenye nyumba chumba kinachofungwa, uliache humo na chaja na kila usichohitaji. Unaingia na mshipi wa kiunoni wenye vifuko viwili vya lenzi, basi. Kamera moja shingoni, nyingine begani, fleshi juu. Vifuko viwe virefu kiasi cha lenzi kusimama, na mdomo mpana, uitoe bila kuangalia.

Kuhusu buibui: mshipi unafungwa juu yake na unateleza vilevile kama mkanda wa bega. Dawa yake ni kipande cha tyubu ya baiskeli, ukishone upande wa ndani wa mshipi. Mpira unashika kitambaa. Nimefanya hivyo kwenye mshipi na kwenye kamba za begi, na sijapandisha kamba tena tangu siku hiyo.

Kadi zisikae kwenye begi kabisa. Nina kijaluba kidogo kigumu cha plastiki, kimefungwa kwa uzi imara kwenye pochi yangu ya ndani, chini ya buibui. Kadi ikijaa, inatoka kwenye kamera inaingia humo, uso umegeuzwa chini ili nisiichanganye na tupu. Begi linaweza kuibwa, linaweza kuanguka baharini. Kijaluba kinakuja nami mpaka nyumbani. Nakuandikia haya kwa sababu nimewahi kuitafuta kadi ya watu kwa saa tatu usiku, nikilia, na ilikuwa kwenye mshono wa mfuko uliotoboka.

Na dada, 70-200 unaihitaji kweli ndani ya chumba? Hiyo peke yake ni karibu kilo moja na nusu. Vyumba vya kale vya Lamu ni virefu lakini ni vyembamba. Nenda na 24-105 na 50, uone kama utaikosa.

BintiLangoni

Hilo la kijaluba sijawahi kuliwaza, Mungu akulipe. 70-200 naitumia maharusi wakitokea barazani na wanapopanda boti. Ndani huwa siitoi, nikisema kweli.

Mvita_Picha

Basi hiyo ibaki nyumbani siku zisizo za boti.

KamaraNzito

Mimi ningesema ununue sanduku gumu la plastiki lisiloingia maji. Hata likianguka baharini vitu viko salama.

MshonaMatanga

Sanduku gumu ni zuri kwenye ndege na kwenye gari, ndugu. Hapa kwetu nani atalipandisha ngazi? Na uzito wake tupu ni karibu sawa na kamera zenyewe.

Binti yangu, mimi kazi yangu ni matanga na turubai, na mabegi ya wapiga picha wanaopita hapa yameshapita mikononi mwangu mengi. Karibu yote yanaletwa kwa ugonjwa mmoja: zipu. Kwa hiyo sikiliza mzee wako kuhusu zipu.

Meno ya zipu yakiwa ya chuma au shaba, chumvi inayala. Utaona unga wa kijani kwenye shaba, mweupe kwenye madini mengine, kisha inagoma. Chagua meno ya plastiki au yale ya uzi wa nailoni uliosokotwa. Lakini wengi hawajui kwamba hata zipu ya nailoni kichwa chake, kile kinachokimbia, mara nyingi ni cha madini kilichopakwa rangi. Rangi ikichubuka chumvi inaanzia hapo. Kichwa kikilika kinapanuka, hakibani meno, unavuta na nyuma yake kunaachia. Watu wanadhani zipu imekufa wanatupa begi. Inabadilishwa kichwa tu, kazi ya dakika chache kwa fundi anayeijua.

Kila ukitoka kwenye boti, chukua kitambaa kilicholowa maji baridi ya kunywa, futa zipu yote na bizimu za mishipi. Chumvi iliyokauka inavuta unyevu wa hewa, kwa hiyo begi lenye chumvi halikauki hata ukilianika kutwa. Ifute kwanza, ndipo uanike kivulini. Kisha pitisha mshumaa kwenye meno, huku na huku. Usitie mafuta ya kupikia, yanakamata mchanga.

Turubai la pamba ni zuri, nyuzi zake zikilowa zinavimba na kuziba, halina kelele, na likichanika linashonwa popote. Ubaya wake ni uzito likishiba maji. Nailoni ni nyepesi na inakauka upesi, ila ule utando wa ndani unaozuia maji unabambuka kwa joto ukiiweka juani kila siku. Kwa kazi yako ya boti ningechukua nailoni.

NuruYaOldTown

Mzee ameyamaliza. Niongeze tu kwamba begi la turubai la Domke nililo nalo lilianza miaka ya 1970 kwa Jim Domke, mpiga picha wa gazeti la Philadelphia Inquirer, aliyechoka na mabegi magumu. Ni laini, linalala ubavuni, zuri mno. Lakini ni la bega moja, kwa hiyo bega lako lisilitamani kwa sasa.

PichaMalindi

Kwa boti: nunua ule mfuko wa kuzuia maji unaofungwa kwa kukunja mdomo mara tatu, wanaoutumia wapiga mbizi na watalii. Ukiwa kwenye boti begi zima linaingia humo. Kifuniko cha mvua kinachokuja na begi kinakinga manyunyu ya juu tu, upande wa mgongo uko wazi, na maji yaliyotuama ndani ya boti yanaingilia hapo.

Tena usihifadhi lenzi ndani ya begi nyumbani. Sponji inakaa na unyevu, kuvu inaota kwenye kioo. Tafuta ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, tia pakiti za kukausha zile zinazobadilika rangi, na kipimo kidogo cha unyevu. Ukiweka kati ya asilimia 40 na 50 uko salama.

BintiLangoni

Mzee MshonaMatanga, shikamoo. Swali moja kwako. Matondoni maji yakitoka boti haifiki, tunashuka tunavuka kwa miguu. Mshipi wa kiunoni si utalowa?

MshonaMatanga

Marahaba binti yangu. Utalowa. Uuvae ukishafika nchi kavu, ukiwa kwenye maji uwe ndani ya begi la mgongoni. Na unapovuka fungua bizimu ya kiunoni na ya kifuani. Ukiteleza, begi liweze kutoka mwilini kwa haraka. Kamera zinanunuliwa.

BintiLangoni

Narudi na habari, siku kumi na mbili baadaye.

Hospitali wameniambia mshipa ulibanwa, nipumzishe bega na nifanye mazoezi ya shingo. Ganzi imepungua, sasa inakuja nikilalia upande ule tu.

Begi nimepata la mtumba soko la Kongowea, Mombasa, kupitia binamu yangu, la kupandia milima, si la kamera. Mgongo wake mfupi, mshipi mpana, linafunguka nyuma. Shilingi 3,500. Vigawanyio vya sponji nimevitoa kwenye begi langu la zamani nikavipachika ndani, vimeingia kama vilivyopimwa. Kichwa kimoja cha zipu kilikuwa kimelika, fundi akakibadilisha. Mshipi wa vifuko viwili nimeushonesha hapahapa, na tyubu ya baiskeli ndani yake.

Jana nilikuwa na kupamba Mkomani, ghorofa ya pili. 70-200 ilibaki nyumbani. Kwenye ngazi mikono yangu yote miwili ilikuwa huru, nikashika ukuta. Nilirudi saa nane usiku, kijaluba kiko chini ya buibui na kadi nne ndani, zote uso chini. @NuruYaOldTown, tyubu inashika kweli. Ila uzi wa fundi umeanza kuachia upande mmoja, kesho naushona mara mbili kabla ya Shela.