Nimeachiwa lemuri nyumbani, nimpe matunda gani yasiyomdhuru?

Binti_Walukuba
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.
Shemeji yangu kanunua mnyama mdogo kwa vijana wachoma mkaa waliopita mtaani kwetu hapa Jinja wakiwa naye ndani ya gunia. Wakamwambia ni lemuri kutoka Kongo. Eti zawadi ya watoto. Yeye karudi zake Kampala kazini, mnyama kabaki na mimi.
Nilisoma mahali kwamba lemuri hula matunda, basi nampa ndizi sukari, papai, nanasi, na fenesi kwa kuwa sasa hivi sokoni ni bei ya kutupa. Ndizi anaishambulia mpaka anajipaka masikioni. Ila choo chake ni majimaji na kinanuka uchachu, na mchana kutwa kajikunja nyuma ya kabati. Tunda lipi nimpe na kwa kiasi gani? Parachichi lipo uani, naogopa kumpa kabla sijauliza. Na maziwa je?

Dereva_wa_Malaba
Mpe rolex, ile chapati ya kuviringishwa na mayai mawili, na chai ya tangawizi, kesho anaamka mzima 😂
Natania dada. Nakaa hapa nisubiri wanaojua.

Mpishi_wa_Wanyama
Dada pole. Nimewahi kuandaa sinia za chakula kwenye bustani ya wanyama, kwa hiyo nikujibu ulichouliza kwanza.
Parachichi usimpe kabisa, wala asifikie majani na kokwa lake. Lina sumu inaitwa persini, inajulikana kuua ndege, sungura na hata mbuzi. Vitunguu, chokoleti na mbegu za tufaha navyo hapana. Maziwa ya ng'ombe yataongeza huko kuhara unakokuona.
Sasa hizo ndizi. Watu wanadhani tunda ni tunda, kumbe embe na ndizi za sokoni zimechaguliwa na wakulima vizazi na vizazi ziwe tamu, laini, zenye nyuzinyuzi kidogo. Tunda la porini ni chachu, gumu, limejaa mbegu. Bustani ya wanyama ya Paignton kule Uingereza iliwaondolea tumbili wake ndizi mwaka 2014 kwa sababu hiyohiyo: sukari nyingi, meno kuoza, hatari ya kisukari. Lemuri wa kufugwa nao hunenepa mno na kupata kisukari. Kwa lemuri wa kilo mbili, sinia iwe majani na mboga kwa wingi, sukuma wiki, dodo (mchicha), maharage mabichi, tango, boga. Tunda ni vipande viwili vitatu vya ukubwa wa kidole gumba, basi.
Na usimrundikie machungwa na mapera ukidhani unamtibu. Lemuri hujitengenezea vitamini C mwilini, si kama tumbili au sisi. Ukimzidishia, ile vitamini inavuta madini ya chuma kutoka kwenye chakula, na lemuri wanaofugwa wana shida ya chuma kujaa kwenye ini mpaka wanaugua. Ukwaju hauna tatizo. Kule kusini mwa Madagaska lemuri wa mkia wa pete hutegemea sana mkwaju, majani na maganda yake.
Osha kila kitu kwa maji mengi, na paka asisogelee chakula chake. Kinyesi cha paka huweza kuwa na vijidudu vya toksoplasma, na lemuri hufa navyo haraka.

Mzee_Busia
Mpishi umesema vizuri, ila mimi nimesimama kwenye neno moja: Kongo. Lemuri wa porini hayuko Kongo wala Uganda. Kwa asili yuko Madagaska tu. Na wachoma mkaa wanakata miti hapahapa kwetu, hawavuki bahari.
Binti yangu, hebu niambie. Mkia una pete nyeusi na nyeupe? Ana ukubwa gani? Masikio yakoje? Na usiku anafanya nini?

Binti_Walukuba
Asante kwa swali, mzee wangu 😅
Mkia hauna pete, ni wa kijivu wenye manyoya, mrefu kuliko yeye mwenyewe. Anaenea kiganjani. Masikio makubwa, membamba kama karatasi, na anayakunja kama mtu anayefunga mwavuli, moja kisha jingine. Macho makubwa ya rangi ya kahawia, ila hayazunguki, anageuza kichwa kizima. Usiku hakukaliki! Anaruka kutoka sakafuni hadi juu ya kabati mara moja. Na kuna jambo naona aibu kuliandika: anakojolea kiganja, anajisugua nyayo, ndipo anapanda pazia. Mapazia yote yananuka.

Mzee_Busia
Huyo ni komba. Huko kujipaka mkojo mikononi na miguuni ndiko kumemtaja jina.
Nilizaliwa Pwani kabla sijahamia huku, na kule komba anajulikana kwa kupanda minazi usiku kunywa tembo la watu. Vijana wamekuuzieni jina la kigeni ili wapandishe bei.

Mpishi_wa_Wanyama
Mzee asante, sasa picha imekamilika. Komba na lemuri ni ndugu wa mbali, lakini sahani zao si moja. Kwa hiyo ile sinia ya majani niliyoandika juu iacheni.
Komba mdogo wa aina hiyo porini anaishi kwa wadudu na gundi ya miti, hasa migunga. Tunda kwake ni la kuonja. Ndiyo maana tumbo limechafuka: umemjaza sukari na maji, protini hakuna. Akiendelea hivyo kwa muda mrefu atakosa madini ya kalsiamu, mifupa inalainika na miguu inapinda. Kwa mnyama anayerukaruka, hapo amekwisha.
Simamisha nanasi na fenesi leo. Jioni jua likizama, siyo mchana, mpe panzi, nyenje au kumbikumbi kama wametoka, na kipande kidogo cha yai la kuchemsha. Tunda lisizidi ukubwa wa karanga mbili, papai ni afadhali kuliko ndizi. Ukipata gundi ya mgunga, ipake kwenye kijiti akwangue mwenyewe kwa yale meno ya chini. Mende wa ndani usimpe, huwezi kujua nani kawapulizia dawa. Maji safi yawepo muda wote. Mchana umfunike kwa kitambaa kwenye kona yenye giza, usimwamshe ili watoto wamwone.

Nyanya_Lugazi
Hao watoto hajawauma? Wanangu mnaongea chakula tu.

Binti_Walukuba
Nyanya, kamuuma mdogo kidole jana. Damu kidogo sana.

Nyanya_Lugazi
Udogo wa damu hauna maana! Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, halafu kituo cha afya leo hii, wakuambie kama atahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa. Mnyama yeyote wa porini akiuma hufanyi kubahatisha. Acha simu, nenda.

Wakili_Mtaani
Wakati nyanya anasimamia hilo, niongeze la sheria. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019, kukaa na mnyama wa porini anayelindwa bila kibali ni kosa, hata kama ulimnunua kwa nia njema. Mpigie shemeji yako, kisha piga simu UWA, mamlaka ya wanyamapori, makao yake yako Kamwokya, Kampala. Ukiwaita mwenyewe unakuwa mtu anayesalimisha mnyama. Ukikutwa naye, hadithi ni nyingine. Mara nyingi wanyama wa namna hii hupelekwa kituo cha wanyamapori cha Entebbe, waganga wa wanyama wapo.
Usimwachie uani usiku ukidhani umemtendea wema. Hujui alikotoka, na paka na mbwa wa mtaa wanamsubiri.

Binti_Walukuba
Tumetoka kliniki, mtoto kaanza chanjo. UWA wamepokea simu, wanakuja kesho asubuhi. Shemeji kanuna, eti pesa yake imepotea. Na anune.
Swali la mwisho la usiku wa leo: jirani ana senene kwenye bakuli, nimchukulie?

Mpishi_wa_Wanyama
Kama ni wabichi, ondoa mabawa na miguu, watano wanatosha. Kama ni wale wa kukaanga na chumvi na vitunguu, kula wewe.