Kitongwe tukianze wapi? Wachong wa Thailand walifanyaje?

Mjukuu wa Buhingu
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Ni mwalimu wa shule ya msingi kusini mwa Kigoma, Mtongwe kwa baba na mama. Bibi yangu anakijua Kitongwe chote, cha miti ya dawa na cha vijito vya Mahale. Mama zangu wanakiongea wakikutana misibani. Wanafunzi wangu hawakijui, ni Kiswahili na Kiha basi. Wazee wengi walishushwa milimani enzi za vijiji vya Ujamaa, kisha 1985 Mahale ikawa hifadhi ya taifa, na ile miti watoto hawaipiti tena.

Nimesikia Wachong wa Thailand walikuwa na hali hiihii wakapata hadi somo shuleni. Walianza na kamusi, kamati, au nini?

Fundi Redio, Ujiji
Marahaba mwalimu. Walianza na wazee wao. Vijijini Khao Khitchakut, mkoa wa Chanthaburi, wenyeji walishirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Mahidol, wakachagua herufi za Kithai kwa kuwa watoto wanazisoma tayari. Wakaandika hadithi zao, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kichong kikaingia darasani.

Kazi haikuwa nyepesi. Kichong kina sauti za aina nne: ya kawaida, ya kukwaruza kooni, ya pumzi, na inayoanza kwa pumzi ikaishia kwa mkwaruzo. Neno hubadilika kwa hilo tu, na herufi za Kithai hazikuundwa kwa ajili yake.

Ni lugha ya kundi la Pear, ndugu wa mbali wa Kikhmer, lugha kuu ya Kambodia. Nyingine za kundi hilo ni Kikasong kule mkoa wa Trat, Thailand, na Kisamre na Kisaoch upande wa Kambodia. Zote ni ndogo. Wasaoch wananiuma zaidi: chini ya Khmer Rouge, wakomunisti waliotawala Kambodia 1975 hadi 1979, walikatazwa lugha yao, na woga huo ukakaa ndani ya nyumba hata baada ya utawala kuanguka.

Mama Nguruka
Naongeza moja, mwanangu. Watu wa Pear walikuwa wachumaji wa iliki ya msituni, wakiipeleka kwa mfalme kama kodi. Sisi Wavinza tulikuwa na chumvi, na watemi wakitoza humohumo. Maneno ya kazi ndiyo yanayotangulia kupotea, kwa sababu kazi ikifa hakuna anayeyahitaji. Kwa hiyo usimwulize bibi "kichwa mnaitaje, mkono mnauitaje". Mwambie akueleze namna ya kutega samaki, kuchimba dawa, kumwogesha mzazi. Yatatoka yenyewe.

Na darasa peke yake halitoshi. Kipindi kimoja kwa wiki hakimfanyi mtoto aombe maji kwa Kitongwe. Mama zako hao wa misibani waanze kuwasemesha wajukuu nyumbani.

Mjukuu wa Buhingu
Asante mama, hilo la kazi sikuwa nimeliwaza. Nitamrekodi kwa simu akiwa shambani. Herufi nitatumia za Kiswahili. Toni je, yaani sauti kupanda na kushuka kwenye neno, niziwekee alama?

Fundi Redio, Ujiji
Weka pale tu maneno mawili yanapoandikwa sawa na maana ni tofauti. Rekodi zitunze nakala mbili, moja isiwe kwenye simu. Na kila rekodi bibi aanze kwa kutaja jina lake, kijiji na ukoo.