Mwaka mzima kila Alhamisi, leo ananiuliza "na wewe ni nani kwani?"

Mtulivu Kidogo:

Wakuu naandika mikono inatetemeka, makosa ya uandishi mtanisamehe, nimeingia ndani sasa hivi hata viatu sijavua.

Yule supavaiza mnamjua. Jina sitaji na wala hakuna haja, kila aliyepita intanshipu ya saikolojia anamjua, yule wa "nipe dakika mbili" ambazo unaanza kusubiri ukiwa kijana unaitwa ndani ukiwa na wajukuu. Leo nimeenda na logibuku, lile daftari la kuandikia masaa ya kazi, kuchukua saini ya mwisho. Narudia, YA MWISHO. Mwaka mzima kila Alhamisi nimekaa kwenye kile kiti chake chenye mguu mmoja mfupi namweleza kesi zangu, nilipopatia, nilipoboronga, siku ile mteja aliponiambia haoni sababu ya kuamka kesho na mimi nikaganda, yote nilimwambia yeye, maana usimamizi ndo huo, unamwaga kila kitu mezani ili mteja asije akaumia kwa ugeni wako kwenye kazi.

Sasa leo nimesimama mlangoni kwake, ukurasa nimeshafungua, kalamu nimeshaivua kifuniko, kumbe nyuma yangu kaja kijana kaleta mzigo na karatasi ya kusainiwa kwamba umepokelewa. Yule mama kachomoa kalamu yangu, mkononi MWANGU, kasaini karatasi ya yule kijana bila kusoma hata mstari, asante, karibu tena, halafu ndo ananigeukia mimi, ananipandisha ananishusha, anasema "na wewe ni nani kwani?"

Mbele ya vijana wanne wapya waliokuja kuanza intanshipu. Mbele ya mteja kwenye benchi, mteja ambaye wiki ijayo nakaa naye chumbani nimuombe aniamini.

Wasio wa fani mtaona ni saini tu. Ukiwa na digrii ya saikolojia bado hujawa mwanasaikolojia wa kazi. Bodi inayosajili wanasaikolojia inataka masaa ya vitendo chini ya msimamizi aliyesajiliwa, na ndani ya hayo masaa kuna ya kukaa na mteja uso kwa uso, kuna ya kupima na kuandika ripoti, kuna ya kukaa na msimamizi mwenyewe, kila kundi lina safu yake, na kila safu inataka saini yake. Bila saini yale masaa ni hewa. Na huwezi kwenda kwa mtu mwingine akusainie kazi ambayo hakuiona kwa macho yake, huo ni udanganyifu, mnaitwa bodi wote wawili. Kwa hiyo mtu mmoja tu duniani ndo anaweza kusema nimefanya kazi mwaka mzima, na huyo mtu ananiuliza mimi ni nani!

Kaniambia niache kitabu kwa sekretari, wiki ijayo ataangalia "kama haya masaa anayatambua". Yani yule wa mzigo kamuona mara moja maishani, kamtambua. Huyu ndo aliyenifundisha kwamba ukisahau jina la mteja mara moja tu umebomoa miezi. Maneno yake, nimeyaandika kwenye hiyohiyo logibuku.

Na kalamu kaondoka nayo.

KambaMbili:

Siti ya mbele. Kalamu umerudishiwa?

Bwana Ramani:

Mkuu pole ila punguza povu. Mwaka mzima umekaa mbele ya mtu na hujamwachia hata alama kichwani, jiulize na wewe. Mimi supavaiza wangu mpaka leo ananipigia simu.

Mtulivu Kidogo:

@Bwana Ramani usinitibue. Alhamisi zote hizo! Kuna siku ananiita kwa jina langu la katikati ambalo hata mama yangu halitumii. Ananijua. Alichukua kalamu mkononi kwangu, vidole vyake vimegusa vyangu, akasaini ya mzigo, AKASAINI YA MZIGO, ndo akaniuliza.

Fundi Sikio:

Mleta uzi una haki ya kulia. Ila wako angalau alikuwa na kiti. Wangu usimamizi alikuwa anafanyia kwenye simu huku anaendesha gari, nasimulia kesi ya mtu aliyefiwa nasikia honi, nasikia "pita basi wewe", nauliza umesema nini mwalimu ananijibu "endelea, nakusikiliza". Saa moja ya usimamizi wa mtu mmoja mmoja, imeandikwa hivyohivyo kwenye fomu. Kwenye ripoti yangu ya mwisho kaandika "ana usikivu mzuri". Kaujulia wapi?

Nyota ya Jioni:

Huyo wa honi mbona kama namjua 😂😂

Kipepeo77:

Nyie mnalia mwaka mmoja. Mimi niko Ujerumani, tulioanza kwa sheria ya zamani kabla haijabadilishwa 2020, baada ya digrii ya uzamili kozi ya kuwa mtaalamu wa tiba ya kisaikolojia ni masaa 4,200. Sijakosea kuandika. Humo kuna 1,800 ya kazi za vitendo, sehemu kubwa kwenye wodi za magonjwa ya akili, watu wametumikishwa humo miaka na miaka kwa malipo ya aibu au bila kitu kabisa. Kisha kutibu watu chini ya usimamizi si chini ya masaa 600, na ya usimamizi wenyewe 150. Sasa nipigie hesabu hizo ni saini ngapi halafu uniambie habari ya kalamu moja.

KambaMbili:

4,200?? Hiyo si kozi hiyo ni kifungo.

Mtulivu Kidogo:

@Kipepeo77 pole sana, kwa moyo kabisa. Lakini swali langu ni hili, katika hizo 4,200 kuna aliyekuuliza wewe ni nani? Mimi siyakatai masaa. Masaa nayaheshimu, mtu hawezi kuachiwa roho ya mwenzie kwa sababu kafaulu mitihani ya darasani, siku ile mteja wangu alipotaja kutokuamka nilitoka nje kwenye korido nikampigia yeye huyuhuyu na alipokea, akaniambia rudi ndani muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua, usizunguke, kuuliza hakumpandikizii wazo. Nikarudi nikauliza. Yule mtu yupo hai leo. Ndo maana inaniuma, asingekuwa anajua kazi ningepotezea.

Fundi Sikio:

Hapo sasa ndo umeniacha hoi. Huyo mama anajua kazi.

Bwana Ramani:

Ndo nilichosema mimi tangu mwanzo, mama wa watu kachoka tu.

Mtulivu Kidogo:

Hukusema hivyo. Panda juu usome ulichoandika.

Mzee wa Fomu:

Saini ni mwanzo tu vijana, subirini mtihani. Mimi nilifanya ule wa leseni wa Marekani na Kanada, EPPP, maswali 225 kwa saa 4 na dakika 15. Sasa sikilizeni hapa. Yanayohesabiwa ni 175. Hayo 50 mengine wanayajaribishia kwako, hayana alama, na HUAMBIWI NI YAPI. Kuna swali moja nimelizunguka dakika saba, jasho linatiririka mpaka kwenye soksi, mpaka leo sijui kama lilikuwa la kweli au nilikuwa natumika kama panya wa maabara. Nimefaulu, ila lile swali bado naliota.

Nyota ya Jioni:

Ulijibu ipi mzee

Mzee wa Fomu:

C.

Shangazi Mkali:

Nyinyi mnaohesabiwa masaa na kusainiwa mna nafuu wanangu. Mimi nina leseni, usajili nalipia kila nikidaiwa, mafunzo ya kujiendeleza nahudhuria ili nisifutwe kwenye rejista, halafu jirani na ofisi yangu kuna mtu kahudhuria semina ya siku mbili kajibandika "Mwanasaikolojia Bingwa" na picha yake kashika kidevu. Foleni kwake mpaka barabarani! Na msidhani ni kwetu tu. Uingereza kwenyewe, bodi ya HCPC inasajili wanasaikolojia tangu 2009, lakini yanayolindwa na sheria ni majina kamili kama mwanasaikolojia wa kliniki, wa elimu, wa mahakama na magereza. Jina tupu la mwanasaikolojia halilindwi, yeyote anaweza kujiita. Umesota miaka na miaka halafu aliyeshika kidevu mnagawana jina.

Fundi Sikio:

Shangazi huyo wa kidevu nimewahi kumsikiliza, anamwambia mtu mwenye sonona "chagua furaha". Nilitaka kurusha simu.

Kipepeo77:

Chagua furaha 😭 nimesoma hadi nimezeeka kumbe ilikuwa kuchagua tu

Msomi wa Usiku:

Samahani wadau kuongezea tu, Marekani jimbo la kwanza kutunga sheria ya kusajili wanasaikolojia lilikuwa Connecticut mwaka 1945, likafuata Virginia 1946. Kwa hiyo hili suala lina historia ndefu na si jambo la

KambaMbili:

Mwenzetu kaibiwa kalamu wewe unatuletea Connecticut.

Msomi wa Usiku:

Nilikuwa sijamaliza.

Mtulivu Kidogo:

Wadau turudi kwenye mada. Kwa hiyo Alhamisi niende au nisiende? Nikienda nasimama vipi mbele ya mtu aliyeniuliza mimi ni nani? Nimejaribu kujiambia labda hakunisikia nilivyosalimia, lakini nilisalimia, na aliitikia! Kaitikia salamu, kachukua kalamu, kasaini mzigo, ndo kauliza.

Shangazi Mkali:

Nenda mdogo wangu, uvae vizuri, useme jina lako lote. Na usirudie tena kosa la kusubiri saini za mwisho wa mwaka, logibuku inasainiwa kila wiki mnapomaliza kikao kabla hamjanyanyuka. Msimamizi anaweza kuugua, kuhama nchi, kufutiwa usajili wake katikati na wewe huna taarifa, hapo unabaki umekumbatia daftari. Na kabla hujaanza hata saa moja hakikisha bodi imepokea jina la msimamizi wako na mpango wenu, kuna bodi hazikubali kuhesabu ya nyuma. Ukishasainiwa piga skani ukurasa huohuo, siku hiyohiyo.

Mtulivu Kidogo:

Za kila wiki nilikuwa nazo shangazi, ni ile ya jumla mwisho wa kitabu ndo sina. Ila asante, umenijibu kama mama.

Mzee wa Fomu:

Na wino uwe mweusi. Bluu zinarudishwa.

Fundi Sikio:

Nani kakwambia? Sisi tuliambiwa bluu, ili nakala halisi ijulikane na fotokopi.

Mzee wa Fomu:

Nimejaza fomu tangu hujazaliwa. Nyeusi.

Nyota ya Jioni:

Mimi zangu zilikuwa bluu na zilipita

Kipepeo77:

Zangu nusu bluu nusu nyeusi, zikarudi zote, barua imesema "tarehe haisomeki". Tarehe ilikuwa ya kupiga chapa.

Bwana Ramani:

Kwenye skani bluu inafifia, hilo halina ubishi.

Fundi Sikio:

Inafifia kwa skana mbovu. Weka picha ya fomu yako tuone.

KambaMbili:

Mleta uzi kwani ile kalamu ilikuwa ya rangi gani?

Mzee wa Fomu:

Kama ilikuwa bluu basi hata huyo wa mzigo atarudishiwa karatasi yake.

Msomi wa Usiku:

Wino mweusi ulianza kupendelewa kwenye nyaraka za serikali kwa sababu

Fundi Sikio:

Naileta picha. Ngojeni nitafute chaja.