Maiki mpya inavuma zzzz, nataka kurekodi kitabu changu cha kwanza (niko Lamu)

Binti_Langoni:
Salaam aleikum jamani, nisaidieni kabla sijaitupa hii maiki baharini. Nimeandika hadithi kumi na mbili za watoto, zile tulizokuwa tukihadithiwa na bibi usiku na nyengine nimetunga mwenyewe, sasa nataka nizisome nitoe kitabu cha kusikiliza. Nikajinyima nikanunua maiki ya kondensa ya USB, elfu tisa na stendi yake ile fupi ya mezani. Laptopu ni kuukuu lakini inasukuma, narekodi kwa Audacity, ile programu ya kurekodi sauti.

Mchana siwezi kurekodi, hapa Langoni kuna injini za boti, kuna watoto wa chuo, kuna punda, na jirani ni seremala. Kwa hivo nangoja watu warudi isha, nafunga madirisha, nazima panka, nakaa chumba cha juu natokwa jasho kama niko jikoni. Na bado nikisikiliza kwa hedifoni kuna zzzzzz nyuma ya sauti yangu mwanzo mpaka mwisho. Pili sauti yenyewe iko mbali, kama nasoma ndani ya birika. Tatu mara moja moja kunakuja ta-ta-ta kama mtu anavunja vijiti, hiyo haina saa maalum.

Nimejaribu ile ya kuondoa kelele ya Audacity, zzzz inapungua lakini na mimi nageuka roboti. Nikajaribu kukata sauti zote nzito chini ya hezi 80, wapi, zzzz iko pale pale. Cha kunichanganya zaidi sura ya tatu imetoka safi, haina zzzz hata chembe, maiki ile ile chumba kile kile. Nimesoma sura sita mpaka sasa na hio moja tu ndo nzuri. Aliyeniuzia anasema hio maiki haina tatizo tatizo ni nyumba yangu. Nyumba ina miaka mia na kitu, nitaifanyaje??

mtoto_wa_mjini:
Dada hio maiki ni feki, USB zote ni takataka. Uza, tafuta maiki ya XLR, zile za studio zisizochomekwa kwa USB, na intafesi yake, kile kisanduku cha kuiunganisha na laptopu, chenye volti 48 za kulisha maiki, alafu bandika treyi za mayai ukuta mzima, mwangwi utaisha. Elfu 35 hivi unakuwa na studio.

FundiWaya_Malindi:
Dada usinunue kitu chochote kwanza. Na wewe mtoto wa mjini elfu 35 unatoa wewe? 😂

Maiki ingekuwa mbovu ingevuma sura zote sita. Imenyamaza sura ya tatu, kwa hivo kuna kitu usiku ule hakikuwako. Hebu kumbuka vizuri, usiku ule stima ilikuwako?

Binti_Langoni:
Subhanallah.

Haikuwako! Ilikatika tangu magharibi nikasema siwezi kulala na joto hili bora nisome, nikasoma kwa tochi ya simu mpaka betri ya laptopu ikaanza kulia. Wallahi sikuyaunganisha kabisa haya mambo.

FundiWaya_Malindi:
Basi ushamshika mwizi mkia, bado kumjua jina. Stima ikikatika vinazimika vyote pamoja, friji, taa, chaja, na vya jirani pia. Sasa fanya hivi usiku wa leo, vaa hedifoni, anza kurekodi bila kusema neno, alafu zima kimoja kimoja na baada ya kila kimoja ngoja kama sekunde kumi. Anza na chaja ya laptopu. Usizime swichi tu, ing'oe kwenye laptopu kabisa.

Mimi pesa zangu naziweka kwa chaja na ntakwambia kwa nini. Nyumba nyingi za zamani huku pwani soketi ina matundu matatu lakini nyuma yake waya wa erthi, ule wa kupeleka umeme ardhini, hakuna, au upo umelika na chumvi. Chaja za laptopu zinavujisha umeme kidogo sana kwenda kwa bodi, na erthi ikiwa haipo ule umeme hauna pa kwenda, unazunguka kwa laptopu, unapita kwa waya wa USB mpaka kwa maiki. Ushawahi kupitisha kidole kwa bati la laptopu ikiwa kwa chaji ukahisi kama inawasha, kama inatetemeka hivi? Ndo huo.

Na ndo sababu kukata chini ya 80 hakukusaidia. Stima yetu ni hezi 50, hio peke yake ungeikata, lakini inazaa watoto, 100, 150, 200 na kwenda juu, na hao watoto wanakaa pale pale inapokaa sauti ya mwanamke. Ukiwakata umejikata na wewe.

Ami_Shela:
Mwanangu, fundi wa Malindi amesema kweli, mimi namalizia la chumba. Nimerekodi kaswida na darsa miaka mingi kwenye nyumba za mawe hizi hizi.

Treyi za mayai waachie kuku. Ni karatasi nyepesi, haizuii kelele ya nje na mwangwi inaugusa kidogo tu huko kwa sauti za juu, mtu anabandika ukuta mzima chumba kinakuwa kibaya kwa macho na sauti ni ile ile. Mkeka pia ni mwembamba, haunyonyi kitu. Kinachomeza sauti ni kitu kinene na laini, godoro, mablanketi, nguo nyingi. Nyumba ya mawe sifa yake ni kwamba ukuta ni mnene, kelele ya njia haipiti ukutani inapita dirishani na mlangoni. Aibu yake ni chokaa, inarudisha sauti kama kioo. Chumba kikiwa na zidaka afadhali, vile vishimo vya ukutani vinaivunja sauti isirudi moja kwa moja, lakini kuimeza haviimezi.

Sasa wewe ni mtoto wa kike una kabati. Fungua milango yote miwili, mabuibui na madera yaache yamening'inia, meza iweke mbele yake, ukae umeelekea ndani ya kabati. Mgongoni kwako simamisha godoro. Utaonekana kichekesho lakini utasikia tofauti neno la kwanza tu.

Mama_Hadithi:
Dada samahani naingilia, mimi nasomea watoto kwa redio. Hio ya kwamba sauti iko mbali, unakaa umbali gani na maiki, na unaongea upande gani wake? Nauliza kwa sababu kondensa nyingi za mezani si kama maiki ya harusi.

Binti_Langoni:
Umbali kama dhiraa hivi. Upande gani vipi tena? Imesimama, mimi nimeiinamisha kidogo ile ncha yake ya juu inielekee, naongea pale juu.

Mama_Hadithi:
Hahaha nilijua!! Pole dada, mwenyewe nilifanya hivo wiki mbili nzima. Hio maiki sikio lake liko ubavuni, unaongea na utosi wake. Isimamishe wima, tafuta upande wenye nembo au kile kitufe cha sauti, huo ndo uso wake, huo ndo ukuelekee. Ukiigeuza mgongo pia utasikika mbali.

Na dhiraa ni mbali. Dhiraa ni shubiri mbili, njoo mpaka shubiri moja, kidole gumba kwa maiki na kidole cha mwisho kwa midomo. Ukipunguza umbali nusu sauti yako inapanda kama desibeli 6 na kelele ya chumba inabaki palepale, kwa hivo unarudisha geini, ile nguvu ya maiki, chini na zzzz, friji, jirani, wote wanashuka pamoja. Hakuna programu itakayokufanyia hivo bure.

Ila ukikaribia, herufi P na B na zile "pumba" "pembe" zitapiga puu kwenye maiki. Chukua soksi safi nyembamba ivishe kwenye duara la waya iweke katikati, au kaa kwa pembe kidogo pumzi ipite kando. Na usinywe maziwa wala kula halua kabla ya kusoma, mdomo unakuwa na gundi kila neno linatoa mlio wa ulimi. Maji ya vuguvugu tu.

mtoto_wa_mjini:
Sawa nimekubali ya treyi. Lakini kondensa inashika kila kitu, maiki ya dainamiki ingemfaa zaidi kwa kelele za Lamu, hapo mtanibishia?

Ami_Shela:
Hapo hukukosea. Lakini anayo hii, atumie hii.

Binti_Langoni:
Narudi na majibu, nimefanya yote usiku wa jana.

Nimevaa hedifoni, friji nimezima, hakuna tofauti. Taa nimezima, kidogo sana. Nikang'oa chaja... kimya. Kimya mpaka nikadhani hedifoni zimekufa, nikagonga meza ndo nikajua ziko hai. Nikairudisha zzzz ikarudi, nikaishika skrubu ya chini ya laptopu kwa kidole zzzz ikapungua, nikatoa kidole ikapanda. Nimekaa nacheza hivo kama mtoto dakika tano. Na kweli bati lilikuwa linawasha, miaka yote nilidhani ni joto.

Maiki nimeisimamisha, nimeingia kabatini na mabuibui yangu, shubiri moja. Mamangu kafungua mlango akanikuta naiambia nguo "paukwa", hajasema kitu kafunga mlango.

Vipimo sasa. Mwanzo nikikaa kimya kelele ilikuwa desibeli -46 (ikizidi kushuka chini ya sifuri ndo kimya zaidi). Bila chaja -55. Baada ya kabati na kukaribia na kushusha geini, -63! Ila betri inanipa dakika 50 tu. Na ile ta-ta-ta bado ipo, jana imekuja mara mbili.

FundiWaya_Malindi:
Safi sana!! Dakika 50 zinatosha sura mbili, chaji mchana soma usiku. Lakini erthi usiiache hivo, tafuta fundi wa stima aliyesoma aje apime, si kwa ajili ya kitabu tu, siku friji ikileta shoti hamna wa kuwaokoa. Na yeyote akikwambia kata ile pini ya tatu ya plagi ili zzzz iishe mfukuze.

Ya ta-ta-ta, maiki umeichomeka moja kwa moja kwa laptopu au kuna waya wa kurefusha katikati? Angalia zile ncha kwa tochi.

Binti_Langoni:
Kuna waya wa kurefusha, ulikuwa wa printa ya ofisini. Nimeangalia. Ndani kuna kijani kama cha sufuria ya shaba 🙈

FundiWaya_Malindi:
Chumvi hio. Tupa. Chomeka maiki moja kwa moja, tundu la laptopu lipanguse na spiriti kidogo likauke kabisa ndo uchomeke. Funga na intaneti ukirekodi, laptopu kuukuu ikizidiwa kazi pia inaruka vipande vya sauti na inasikika hivo hivo.

Ikiendelea baada ya hapo basi ni unyevu umeingia kwa kapsuli, lile sikio la ndani ya maiki, kondensa haipendi unyevu na kusi hii ndo usiseme. Usiiache mezani usiku kucha. Iweke kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya.

Ami_Shela:
Jambo moja mwanangu, silo la vyombo. Unasoma kwa lugha gani? Isije ikawa maneno ya bibi umeyasanifisha yote. Akisema "ndoo" (njoo) na "mato" (macho) wewe sema "ndoo" na "mato".

FundiWaya_Malindi:
Ami, watoto wa Nairobi wakisikia sungura anamwambia fisi "ndoo!" watangoja aletewe maji 😂

Binti_Langoni:
😂😂 Msimulizi anasema sanifu, wanyama wanasema Kiamu. Fisi tu ndo anasema sanifu kwa sababu ametoka bara.

Swali la mwisho, sura ya tatu ile safi niiache, au nirudie zote sita?

Mama_Hadithi:
Rudia zote, na ya tatu pia. Uliisoma kwa utosi wa maiki na mbali, ikikaa katikati ya zile za kabatini msikilizaji ataona umehama nyumba.

Ukimaliza kila sura pima, wastani wa RMS, yaani nguvu ya sauti kwa jumla, uwe kati ya desibeli -23 na -18, kilele kisipite -3, kelele ya kimya iwe chini ya -60. Hivo ndo vipimo vya ACX, wale wa mtandaoni wanaopokea vitabu vya kusikiliza, na hata usipopeleka huko vishike hivo hivo. Ila angalia, ile -63 yako ni kabla ya kupandisha sauti. Ukipandisha sura nzima desibeli 5 ili ufike -20, na kelele inapanda 5, uko -58. Hapo ndo utumie ile ya kuondoa kelele, kidogo tu, desibeli 6, usiifikishe pale pa roboti.

Na kila ukianza kurekodi kaa kimya sekunde tano kabla ya "paukwa", na tano mwishoni. Kimya hicho ndo utakachobandika pale punda alipolia.

Binti_Langoni:
Shukran sana nyote. Leo isha nanza na ya kwanza, chaji iko mia.