Naomba ushauri: mapambo ya ukumbi kwa milioni moja

Habari zenu wapendwa. Mdogo wangu anaoa Aprili hapa Morogoro, na kamati imenitwika mapambo. Wageni ni 200, fungu nililopewa ni milioni 1, maana ahadi za michango ni nyingi ila pesa inayoingia mnaijua wenyewe.

Ukumbi una meza na viti vya plastiki, vile vyeupe vilivyoanza kuwa vya njano. Wapambaji wanataka milioni 2 na nusu kwa kila kitu: jukwaa la maharusi, vitambaa vya darini, taa, maua ya mezani, kava za viti. Nimewaomba wapunguze, wakatoa taa tu!

Nafikiria tukodi kava na vitambaa vya meza, tuvalishe wenyewe Ijumaa usiku, mpambaji alipwe kwa jukwaa pekee, kwa kuwa picha karibu zote zinapigwa pale.

Waliowahi kufanya hivi: mpambaji hukubali kazi ya jukwaa tu, na kwa bei gani? Na kava zikimwagikiwa mchuzi, mwenye mali hukata kwenye dhamana au mnafua wenyewe ndipo mnarudisha?