Naomba ushauri: mnunuzi wa Ujerumani anataka nitie saini kwamba makubadhi yetu hayana kemikali zilizokatazwa

Mshonaji wa Pwani (Mombasa)

Ndugu zangu, sisi ni kikundi cha akina mama kumi na mmoja tunaoshona makubadhi ya ngozi yenye shanga. Kwa miaka sita tumewauzia watalii na maduka ya hotelini, na sasa duka moja dogo la Ujerumani limeagiza jozi 400, ambazo kwetu ni kazi ya miezi mitatu na karo ya watoto wengi. Kabla ya kulipa malipo ya awali, mwenye duka ametuletea fomu ya kurasa mbili inayotutaka tuthibitishe kwa saini kwamba viatu vinatii kanuni ya Ulaya iitwayo REACH. Fomu hiyo inataja kromi sita, rangi za azo, nikeli, risasi, kadimiamu na kitu kinachoitwa PAH.

Ngozi tunainunua kwa mchuuzi wa Nairobi ambaye naye huipata katika viwanda mbalimbali. Soli ni za mpira wa dukani na za matairi makuukuu, na hizi za matairi ndizo mnunuzi alizozipenda zaidi. Bizimu tunazipata katika duka la jumla, shanga tunazinunua kwa uzani. Nilipomuuliza mchuuzi wa ngozi, alinijibu kwamba mali yake ni safi na niandike hivyo. Sitaki kutia saini jambo nisilolijua, wala sitaki kumpoteza mteja huyu. Nianzie wapi?

Msafirishaji wa Zamani

Dada, nimesafirisha vikapu na vinyago kwa muda mrefu. Fomu za namna hiyo hutumwa kwa kila muuzaji, na sijawahi kuulizwa swali baada ya kuijaza. Forodha hawafungui kila sanduku. Tia saini, upate malipo ya awali, kazi ianze.

Fundi wa Ngozi (Thika)

Kwa heshima, naomba kupingana na mwenzangu, kwa sababu kikapu cha mkonge na kiatu cha ngozi ni vitu viwili tofauti kabisa.

Nimefanya kazi katika viwanda vya ngozi kwa zaidi ya miaka ishirini. Kromi ni metali, na kromi tatu na kromi sita ni hali zake mbili za kikemikali. Ngozi nyingi iliyoko sokoni hutengenezwa kwa chumvi za kromi tatu, ambayo haikukatazwa. Lakini kromi tatu inaweza kugeuka kuwa kromi sita ikiwa ngozi ililainishwa kwa mafuta yanayoharibika upesi, kama baadhi ya mafuta ya samaki, au ikiwa asidi iliondolewa kupita kiasi kabla ya kutia rangi, au ikiwa baadaye ilikaa kwenye joto, jua na hewa kavu. Maana yake ni kwamba ngozi inaweza kutoka kiwandani ikiwa salama, kisha ikaharibika ikiwa juu ya rafu. Mchuuzi wako huenda anasema kweli kadiri anavyojua, ila neno lake halithibitishi chochote. Kromi sita huleta mzio wa mwili, na mtu akishaupata, mara nyingi huishi nao maisha yake yote. Ndiyo sababu tangu tarehe 1 Mei 2015 Ulaya hairuhusu kuuza bidhaa ya ngozi inayogusa mwili ikiwa na miligramu 3 au zaidi za kromi sita kwa kila kilo ya ngozi kavu.

Usipime kiatu kizima. Pima malighafi kabla ya kukata hata jozi moja. Nunua ngozi yote ya oda hii kwa kiwanda kimoja, ikiwezekana iliyotoka katika pipa moja, na uhifadhi kipande cha kila rangi kikiwa na tarehe na jina la muuzaji. Omba kipimo cha ISO 17075, yaani kile cha kutafuta kromi sita katika ngozi, na uombe kifanywe baada ya ngozi kuzeeshwa kwa nyuzi 80 za joto kwa saa 24, maana hapo ndipo ngozi inayoficha tatizo hujitokeza. Anza kwa kuuliza KIRDI (taasisi ya utafiti wa viwanda ya Kenya) na KEBS (shirika la viwango la Kenya), na kampuni za kimataifa za upimaji zenye ofisi nchini. Kila maabara uiombe ikuonyeshe kwamba ithibati yake ya ISO 17025, yaani uthibitisho wa umahiri wa maabara, inahusu kipimo hicho hasa, kwa sababu ithibati ya kupima maji au chakula haitakusaidia.

Kama mngenisikiliza mimi, mngetumia ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miwati. Bei yake ni ya juu, ni ngumu kidogo mkononi na hukolea rangi inapopigwa na jua, lakini kromi haikutumika. Ukiikata, mkato wake ni wa hudhurungi, ilhali wa ngozi ya kromi mara nyingi huelekea kijivu au samawati. Usiutegemee mkato peke yake, kwa kuwa viwanda vingine huchanganya njia zote mbili.

Mwagizaji (Hamburg)

Mimi ni mtu wa Lamu niliyehamia huku, na kazi yangu ni kuagiza bidhaa za mikono. Kisheria, mwenye wajibu wa kwanza ni yule anayeiingiza bidhaa katika soko la Ulaya, yaani mwenye duka huyo. Fomu yake inakuhamishia mzigo huo kwa njia ya mkataba. Ukitia saini na tatizo likapatikana, atakudai wewe hasara yote.

Kuhusu kwamba forodha hawafungui masanduku: wakaguzi hununua viatu dukani kama wateja wengine na kuvipeleka maabara. Vikifeli, picha yake hutangazwa kwenye Safety Gate, mfumo wa Ulaya wa kutahadharishana, na viatu vyenye kromi sita huonekana humo mara kwa mara.

Atakuja mtu kukuuzia "cheti cha REACH". Usinunue. Wakala wa Kemikali wa Ulaya ulioko Helsinki hautoi cheti cha namna hiyo, na kiatu hakisajiliwi kama kemikali inavyosajiliwa. Sheria inachotaka ni kila sehemu ya kiatu iwe chini ya kiwango chake. Rangi za azo, kundi la rangi za viwandani, zisitoe amini zilizokatazwa (kemikali zitokanazo na rangi hizo zikivunjika) kupita miligramu 30 kwa kilo. Bizimu inayokaa juu ya ngozi ya mguu isiachie nikeli zaidi ya mikrogramu 0.5 kwa sentimita mraba kwa wiki. Kuna pia orodha ya kemikali za hatari kubwa, ambazo zikizidi asilimia 0.1 lazima mnunuzi aarifiwe. Mahakama ya Ulaya iliamua mwaka 2015 kwamba asilimia hiyo huhesabiwa kwa kila sehemu, si kwa bidhaa nzima, kwa hiyo bizimu ndogo haiwezi kujificha ndani ya uzito wa kiatu.

Badala ya fomu yake, mwandikie tamko lako mwenyewe: kila malighafi, muuzaji wake, namba na tarehe ya ripoti ya kipimo, na maneno kwamba unathibitisha yale tu yaliyomo katika ripoti zilizoambatishwa. Mwombe pia achangie gharama za vipimo. Anayeogopa sheria kweli atakubali.

Mshonaji wa Pwani

Nimewaelewa, ahsanteni sana. Je, soli za matairi? Hizo ndizo alizozitangaza kwa wateja wake.

Fundi wa Ngozi (Thika)

Hizo ndizo zinazonitia hofu kuliko ngozi. Mpira wa matairi huwa na mafuta yenye kundi la kemikali liitwalo PAH, na baadhi ya kemikali hizo husababisha saratani. Tangu mwisho wa mwaka 2015, sehemu ya mpira inayogusa mwili kwa muda mrefu au mara kwa mara isizidi miligramu 1 kwa kilo kwa kila moja ya PAH nane zilizotajwa. Nasi hatujui tairi kuukuu lilitengenezwa lini wala kwa mafuta gani, na kila tairi ni tofauti na mwenzake, kwa hiyo kipimo kimoja hakisemi lolote kuhusu la pili. Akala ni viatu vyetu na ninaviheshimu, lakini kwa oda hii viacheni.

Mshonaji wa Pwani (wiki tano baadaye)

Narudi na habari. Mnunuzi amelipa nusu ya gharama za vipimo na amekubali soli za mpira mpya. Ngozi ya miwati imefaulu, na bizimu tumeziondoa kabisa, sasa tunafunga kwa kamba ya ngozi. Ngozi nyeusi tuliyokuwa nayo ghalani imepatikana na miligramu 7 za kromi sita kwa kilo. Tumekubaliana kwamba kisichofaa mguu wa Mjerumani hakifai mguu wa jirani yetu, hivyo hatuiuzi hapa pia. Je, tuichome?

Fundi wa Ngozi (Thika)

Msiichome kamwe, maana moto huweza kuigeuza kromi tatu iliyobaki kuwa kromi sita, ikaishia kwenye jivu na moshi mnaouvuta. Wala msiwape wachoma matofali. Irudisheni kwa mchuuzi pamoja na nakala ya ripoti, mumtake aifikishe kiwandani ilikotoka.