MJADALA: "Tuelewane" baada ya ajali, ni uungwana au ni kumdhulumu majeruhi?

Mwana_Kuze:
Salamu zenu. Kila ajali ikitokea hapa Mombasa, kabla vumbi halijatua watu washazunguka: "Hamna haja ya polisi, elewaneni." Mwenye gari atoa elfu kumi, ishirini, yaandikwa karatasi kwamba majeruhi hatadai tena, na wazee watia saini. Baadaye mguu wafura, daktari ataka kutia chuma, mwenye gari hashiki simu. Mie nasema mtindo huu ukomeshwe. Palipo na majeruhi twende kituoni, iandikwe OB, yaani kitabu cha matukio, abstrakti itoke, ile karatasi ya polisi ya kuthibitisha ajali, bima ilipe. Kile kibandiko cha bima si pambo la kioo. Mwaonaje?

Babu_Majengo:
Mwanangu, wasema kama mtu ambaye hajawahi kuzungushwa kituoni. Afisa wa trafiki hayupo, njoo kesho. Kesho yupo, faili ndilo halipo. Sulhu ni kheri, hayo si maneno yangu, yamo ndani ya Qur'ani. Na heri elfu ishirini za leo kuliko laki tatu atakazokuja kuzipokea mjukuu wako.

Tuktuk_wa_Magongo:
Babu asema kweli. Gari likishaingia kituoni kungoja ukaguzi, mimi nala nini? Tajiri ataka hesabu yake jioni, hajui mambo ya abstrakti. Halafu nyinyi hamuwasemi abiria. Dada apanda boda, buibui laburura, lashikwa na mnyororo, chini! Kesho yuwatafuta wakili. Bima imlipe kwa mavazi yake?

Binti_Bondeni:
Ati nini?
Wewe ambaye tuktuk yako haina mlango, side mira moja imefungwa kwa kamba, na abiria wanne umewapakia nyuma kama magunia, leo wazungumzia buibui langu? Mama zetu wamelivaa tangu hamjazaliwa. Aliyewagonga ni buibui?

Tuktuk_wa_Magongo:
Sijasema buibui LAKO. Na wanne si wengi, mmoja alikuwa mtoto.

Binti_Bondeni:
Kwa hiyo kweli walikuwa wanne 😂

Wakili_Mchovu:
Naomba nipite haraka, wadau. Buibui haliui dai, laweza kulipunguza tu. Korti hugawanya lawama. Ukistahili laki 4 na ikaonekana ulichangia asilimia 20, kwa mfano hukuvaa helmeti, wapata laki 3 na elfu 20. Na jukumu la kuthibitisha kwamba ulichangia ni la anayelidai hilo.
Kuhusu swali la Mwana_Kuze: dai la majeraha lina miaka 3 tangu siku ya ajali. Bima ijulishwe mapema kuhusu kesi, la sivyo itaruka. Kwa mtu mmoja sheria yailazimu kufika milioni 3. Kinachozidi hapo umkabe mwenye gari mwenyewe. Pia usitegemee jina lililo kwenye abstrakti pekee, chukua rekodi ya gari kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, maana magari ya hapa huuzwa mara tatu na logibuku, hati ya umiliki, haijasogea.
Na hili ndilo watu hawalijui: mikataba mingi ya bima yamkataza mwenye gari kukubali kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Anayesema "tuelewane" huenda anajichimbia kaburi yeye mwenyewe.

Kijana_Likoni:
Miaka 3 wapi? Shemeji yangu aligongwa, akaenda baada ya mwaka na ushei, akaambiwa muda umekwisha. Nyinyi mawakili kila mmoja na sheria yake.

Wakili_Mchovu:
Gari lilikuwa la nani?

Kijana_Likoni:
La serikali. Kwani lina magurudumu tofauti?

Wakili_Mchovu:
Kuishtaki serikali kwa ajali ni miezi 12. Ndiyo sababu.

Mama_Kongowea:
Mie naona wote mwalizunguka jambo lenyewe. Wagonjwa wawindwa wodini! Nilikuwa nauguza, jamaa ameshika faili, shati limepigwa pasi, "Pole mama, tia kidole hapa tukufuatilie." Sijui kanitoa wapi, sijui nani kampa jina langu. Nikamwambia: mwanangu bado hajarudiwa na fahamu, wewe washamgawa? Hao mabroka na mawakili wao lao moja. Fidia ikija, majeruhi apewa nauli.

Babu_Majengo:
Haya, mwaona sasa? Sulhu haina broka.

Mwana_Kuze:
Babu, sulhu haina broka lakini ina mzee anayepewa elfu mbili "za maji" na mwenye gari. Hilo nalo tuliseme.

Babu_Majengo:
Nani kapewa? Taja! Mimi nimesuluhisha watu tangu Mwembe Tayari ni stendi ya mabasi yote, sijala senti ya mtu. Kijana wa jana aja kunitukana hapa hadharani!

Mwana_Kuze:
Sikukutaja, babu.

Babu_Majengo:
Umesema "babu" kisha ukasema "mzee". Nani mwingine?

Wakili_Mchovu:
Mama Kongowea, si haki kututia chungu kimoja. Sheria yakataza wakili kutafutiwa wateja na broka. Hata ule mkataba wa "nikishinda ndipo nilipwe" haukubaliki. Mimi nina faili ofisini nimezilipia gharama za korti mfukoni mwangu, wateja washahama nyumba na hawasemi. Ukimtilia shaka wakili, kuna Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Nendeni huko badala ya kutukana hapa.

Mama_Kongowea:
Nimesema "mawakili wao". Wewe umejiona humo?

Binti_Bondeni:
😂😂 Mama!

Kijana_Likoni:
Mbona hakuna anayetaja korti ya madai madogo? Kuna sheria ya 2016, dai lisilozidi milioni moja, na fidia ya majeraha imo. Yatakiwa imalizike ndani ya siku 60. Huna haja ya wakili ukitaka.

Tuktuk_wa_Magongo:
Siku 60 za kalenda au za Mombasa?

Wakili_Mchovu:
Usiende mikono mitupu lakini. Ripoti ya daktari, P3 (ile fomu ya polisi ya majeraha anayoijaza daktari), risiti za dawa ZOTE hata ya panadoli. Hizo gharama korti haikukisii, yataka karatasi. Na bima itakupeleka kwa daktari wake. Nenda, ila usimdanganye kuhusu majeraha ya zamani.

Tuktuk_wa_Magongo:
Binti_Bondeni, nimekuwa nikifikiria. Hiyo side mira nimeinunua mpya.

Binti_Bondeni:
Na mlango?

Tuktuk_wa_Magongo:
Tuktuk gani yako wewe ina mlango?

Mgeni_Mtwapa:
Samahani, naingia nimechelewa. Hiyo karatasi ya "sitadai tena", ukishatia saini ndio basi? Ndugu yangu alitia jana, akiwa bado ana dripu mkononi.

Wakili_Mchovu:
Akiwa kitandani, bila ushauri, kwa mwenye gari na si kwa kampuni ya bima? Yaweza kupingwa. Ile dischaji ya kampuni, karatasi ya kumaliza dai, ndiyo ngumu, ukiisaini kwa malipo ya mwisho umefunga mlango. Asipokee pesa zaidi, asifute ujumbe wowote wa simu, na aende akaandikishe OB leo. Leo, si Jumatatu.

Babu_Majengo:
Mwana_Kuze bado hajaniomba radhi.